Tabaka limekwenda wapi? Maswali ya wasomaji kuhusu michoro ya bodi za elektroniki

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Lamu na Malindi, na nyingi zina kilio kimoja: kitu kilichokuwapo kwenye mchoro wa bodi jana, leo hakionekani. Kabla hatujazijibu, tutenganishe mambo mawili. Kuna kosa la kioo, ambapo shaba imo ndani ya faili lakini programu imeambiwa isiionyeshe. Na kuna kosa la mchoro, ambapo shaba haimo kweli. La kwanza huisha kwa kubofya mara moja au mbili, la pili linataka kazi. Anayeyachanganya huchora upya njia ambazo hazikufutika, akaishia na njia mbili, moja juu ya nyingine.

Kuyapambanua si kazi ngumu. Katika KiCad, programu ya kuchorea bodi, fungua File, kisha Plot, utoe faili za Gerber, zile zinazopelekwa kiwandani, halafu uzifungue kwa GerbView inayokuja pamoja na programu hiyohiyo. Macho, zile alama za kuonyesha au kuficha tabaka, unayoyafunga na kuyafungua ukiwa unachora hayagusi Gerber hata kidogo. Hutoka matabaka uliyoyatia tiki kwenye dirisha la Plot, basi. Kitu kikionekana huko, shaba yako ipo, usichore tena.

Majibu yanahusu KiCad matoleo ya 7, 8 na 9, isipokuwa pale tulipotaja programu nyingine. Majina ya menyu tumeyaacha kama yalivyo kwenye skrini, maana ndiyo utakayoyatafuta.

Njia zimekuwa kama zimemwagiwa majivu

*Assalaam aleikum mafundi. Natengeneza bodi ya kuchaji betri ya 12 V kwa sola, ya taa za mashua. Nilikuwa napanga majina ya vijenzi, ghafla njia zote za shaba zikafifia, na za upande wa chini hazionekani kabisa. Nimezima kompyuta na kuiwasha, hali ni ileile. Faili limeharibika? — Fundi wa Langoni, Lamu*

Wa aleikum salaam, ndugu yetu. Faili ni zima. Hali uliyoieleza ina sababu mbili zilizokutana, na kuzima kompyuta hakukusaidia kwa sababu tutakayoieleza chini.

Sababu ya kwanza: uliposogeza majina ya vijenzi, tabaka linalotumika lilikuwa F.Silkscreen (maandishi meupe ya upande wa juu), na ama wewe ama mkono wako uligusa Ctrl+H. Vitufe hivyo hubadilisha namna ya kuonyesha matabaka yasiyotumika. KiCad inazo hali tatu: Normal, ambapo yote yana rangi zake, Dim, ambapo yasiyotumika hufifia, na Hide, ambapo hutoweka. Jaribu hivi: bonyeza PgUp uende F.Cu, shaba ya juu. Ikiwa njia za juu zinawaka na maandishi sasa ndiyo yanafifia, umempata mwizi. Nenda kulia kwenye paneli ya Appearance, kichupo cha Layers, ufungue sehemu ya chini iitwayo Layer Display Options, uchague Normal. Hali hii si adui, lakini. Unapofuatilia njia kwenye bodi iliyosongamana, Dim ni msaada mkubwa. Taabu yake ni kwamba haijitangazi.

Sababu ya pili ni jicho la B.Cu, shaba ya chini, lililofungwa. Litafute kwenye orodha hiyohiyo, ulibofye lifunguke. Ukiona macho mengi yamefungwa na hukumbuki ulifunga yapi, usiyafungue moja moja: chini ya paneli kuna Presets, chagua All Layers.

Bado hayaonekani? Hapa ndipo hata wazoefu hukwama. Fungua kichupo cha pili, Objects. Pale kuna macho mengine ambayo hayajali tabaka bali aina ya kitu: Tracks (njia), Vias (matundu yenye shaba yanayounganisha matabaka), Pads (pedi, vidoa vya kulehemu miguu ya vijenzi), Zones (viwanja vya shaba ya kujaza). Mbele ya aina hizo kuna kitelezi cha uwazi. Kitelezi kikishuka hadi mwisho, njia zote hutoweka kwenye matabaka yote, huku jicho likiwa wazi na likikutazama. Mtu huangalia jicho, akaridhika, akaanza kulaumu programu. Kipandishe.

Kinachobaki ni rangi. Kama wewe au mwenzio mlibadilisha rangi za matabaka kwa mkono, huenda tabaka moja limepewa rangi inayolingana na mandhari, au rangi yenye uwazi kamili. Nenda Preferences, PCB Editor, Colors, urudi kwenye KiCad Default. Mpangilio huo haubadilishiki, kwa hiyo ndani yake hakuna rangi aliyoiharibu mtu.

Sasa, kwa nini kuwasha upya hakukufaa? KiCad huandika hali ya macho, vitelezi na ufifizo kwenye faili dogo lenye jina la mradi na mwisho wa .kicad_prl. Unapofungua mradi, hulisoma na kukurudishia kila kitu ulivyokiacha, ikiwa ni pamoja na lile lililokusumbua. Dawa ya mwisho basi ni kufunga mradi, kulifuta faili hilo, na kufungua tena. KiCad itaunda jipya lenye hali ya kawaida. Shaba haimo humo. Imo ndani ya .kicad_pcb, hilo usiliguse. Na ukimtumia mwenzio mradi wako, .kicad_prl uliache nyumbani, usije ukampelekea na macho yako yaliyofungwa.

Mizuka kwenye skrini

*Laptopu yangu ni mtumba, grafiki ni ile ya ndani ya prosesa. Nikiukuza mchoro, mistari ya zamani inabaki kama mzuka, matabaka yanamezana, na mara nyingine dirisha lote la bodi linakuwa jeusi. Natumia Linux. Programu nyingine haziniletei shida. — Kijana wa Ngomeni, Malindi*

Hatukutarajia Ngomeni, mahali ambapo setilaiti ya Uhuru iliondokea tarehe 12 Desemba 1970, pashindwe na laptopu. Tuitengeneze.

Bonyeza F5 kwanza, skrini ichorwe upya. Mizuka ikitoweka kisha ikarudi ukivuta mchoro, mchoro hauna neno. Anayeuchora ndiye mwenye kasoro. KiCad ina wachoraji wawili. Accelerated graphics hutumia OpenGL: hukabidhi maumbo yote kwa kadi ya grafiki, pamoja na maelezo ya tabaka gani liwe mbele ya lipi na lenye uwazi kiasi gani. Draiva ikikosea hesabu ya mbele na nyuma, tabaka la chini huruka juu na kulifunika la juu. Ndiko kumezana unakokuona. Programu zako nyingine hazilalamiki kwa kuwa hazimdai huyo draiva kazi ya namna hiyo. Mchoraji wa pili, Fallback graphics, hutumia Cairo na kumwachia prosesa kazi yote. Ni mzito, hasa bodi ikiwa na shaba nyingi ya kujaza, lakini hachanganyi matabaka.

Funga dirisha la bodi, ubaki na lile la mradi. Fungua Preferences, utafute Fallback graphics uichague, kisha ufungue bodi tena. Ikipona, unajua wa kumlaumu. Unaweza kubaki hivyo kama bodi zako ni ndogo. Bodi ya matabaka mawili yenye vijenzi thelathini au arubaini huendeshwa bila shida.

Ukitaka kasi irudi, sasisha Mesa (draiva za grafiki za Linux) na kerneli (kiini cha mfumo) pamoja na mfumo wako, halafu jaribu haya kwenye temino (dirisha la amri), moja baada ya jingine, si yote kwa mpigo, la sivyo hutajua lipi lililosaidia:

GDK_BACKEND=x11 kicad

LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1 kicad

Amri ya kwanza ni kwa mwenye meza inayotumia Wayland, mfumo mpya wa Linux wa kuonyesha madirisha. Huifanya KiCad ipite njia ya X11, mfumo wa zamani, na matatizo mengi ya madirisha na vielekezi vya kipanya huishia hapo. Ya pili huilazimisha OpenGL ichorwe na prosesa badala ya kadi. Ikiwa ya pili inaponya na ya kwanza haiponyi, kadi au draiva wake ndio wabovu. Jaribu pia kupunguza Antialiasing kwenye ukurasa wa Common. Kulainisha kingo za mistari kunakula kumbukumbu ya grafiki, na grafiki ya ndani ya prosesa huazima kumbukumbu hiyo kwenye RAM yako.

Tahadhari moja: kitazamio cha 3D hutumia OpenGL kila wakati. Fallback haikiokoi. Dirisha la bodi likipona na la 3D likabaki jeusi, usione ajabu. Kwa wenye Windows, kosa la aina hii mara nyingi hutokana na draiva wa msingi aliyewekwa na mfumo wenyewe. Chukua draiva wa mtengenezaji wa laptopu au wa chipu ya grafiki. Na anayefungua KiCad kwa mbali, kupitia kompyuta nyingine, au ndani ya mashine pepe, aende Fallback moja kwa moja asipoteze muda.

Uwanja wa shaba umebaki mpaka mtupu

*Nilijaza GND (ardhi ya saketi) upande wa chini wa bodi. Leo naona mpaka tu wenye vistari vya mshazari, ndani patupu. Nikibonyeza B unajaa, lakini baina ya pini za kiunganishi cha pini 10 shaba haipiti, na GND ya katikati imekaa peke yake. Hili ni kosa la programu? — Dada wa Shela*

Dada, una kosa moja la kioo na moja la mchoro.

La kwanza jepesi. B hujaza zoni zote. Ctrl+B huzitoa shaba zote. Kidole kimoja kikiteleza umeachwa na mipaka. Kuna pia vitufe kwenye upau wa kushoto vya kuonyesha zoni zikiwa zimejaa au mipaka peke yake. Ukibofya cha mipaka, shaba ipo ila haichorwi. Ukitoa Gerber, hakikisha Check zone fills before plotting ina tiki, usije ukatuma kiwandani bodi isiyo na ardhi.

La pili ni hesabu, na programu iko sahihi. Pini za kiunganishi cha kawaida ziko umbali wa 2.54 mm kutoka kitovu hadi kitovu. Pedi kwenye maktaba ya KiCad ina upana wa 1.7 mm. Nafasi inayobaki baina ya pedi mbili ni 2.54 toa 1.7, yaani 0.84 mm. Zoni mpya ya KiCad huanza na nafasi ya kujitenga ya 0.5 mm. Kila pedi inadai 0.5 yake, jumla 1.0, na wewe unayo 0.84. Shaba itapita wapi?

Fungua sifa za zoni kwa kitufe cha E, ushushe Clearance. Ukiweka 0.3 bado haitapita, na watu wengi hukasirika hapa: 0.84 toa 0.6 ni 0.24, ilhali Minimum width ya zoni huanza na 0.25 mm. Imekosa kwa sehemu moja ya mia ya milimita. Ukiweka 0.25, inabaki 0.34, na shaba inapita. Kisha bonyeza B. Ikiwa bado imegoma, tazama kima cha kujitenga kwenye Board Setup, Net Classes. Kati ya kile cha zoni na kile cha daraja la waya, kikubwa ndicho kinachotawala.

Usifanye hivyo kwa upande wenye umeme wa ukutani. Kama bodi yako ina 240 V, sehemu hiyo izungushie eneo la kukataza shaba, Rule Area, na uache milimita kadhaa. Mafundi wengi hawashuki chini ya 6 mm baina ya upande wa 240 V na upande unaoshikwa na mtu.

Kuhusu kipande kilichobaki peke yake: kisiwa cha shaba si kama Amu, hakina boti ya kukifikia. KiCad kwa kawaida huondoa visiwa visivyogusa pedi yoyote ya waya wake, na kama waya wa pedi unaitwa GND na wa zoni umeandikwa AGND, kwa macho ya programu hao si ndugu. Bofya zoni, soma jina la waya chini ya dirisha, bofya na pedi, ulinganishe herufi kwa herufi.

Maski imekosa bodi nzima

*Nimefungua F.Mask nikakuta vidoa kwenye pedi tu, bodi yote haina rangi. Nikachora mstatili mkubwa kuifunika. Sasa iko tayari kutumwa? — Msomaji wa Mambrui*

Usitume. Futa mstatili huo leo.

F.Mask na B.Mask, matabaka ya rangi inayofunika shaba, husomwa kinyume: ulichokichora ndicho kitakachoachwa wazi. Vile vidoa kwenye pedi ni madirisha ya kupitisha risasi ya kulehemu, na patupu pote ndipo penye rangi ya kijani. Mstatili wako unakiambia kiwanda kiache bodi nzima uchi, na kiwanda hakitakuuliza, kwa kuwa kuna watu wanaotaka hivyo. Risasi itarukia njia za jirani wakati wa kulehemu, na kwa hewa yetu ya chumvi shaba iliyo wazi huota kutu ya kijani mapema sana, hasa kwenye kifaa kinachokaa chomboni. Fungua 3D, Alt+3, uthibitishe: rangi ya kijani ikionekana popote isipokuwa kwenye pedi, maski iko sawa.

F.Paste, kwa upande wake, haisomwi kinyume. Hiyo ni ramani ya matundu ya stensili, bati la kupakia risasi laini kwenye pedi.

Herufi zimegeuka, na IC (chipu) haikai

*Wanafunzi wangu wanachapa kwa printa ya leza, wanahamisha wino kwenye shaba kwa pasi, kisha wanatia kwenye feriki kloraidi, dawa inayokula shaba. Bodi tatu kati ya nne zimetoka kinyume. Kwenye skrini herufi za upande wa chini zinaonekana zimegeuka. Wengine wamezigeuza ziwe sawa. Wapi tunakosea? — Mwalimu wa ufundi, Malindi mjini*

Shikamoo mwalimu. Hao waliozigeuza ndio walioharibu, na hawana lawama, kwa sababu skrini inashawishi.

KiCad huionyesha bodi kama kioo kinachopitisha mwanga, nawe umesimama juu yake. Tabaka la chini, B.Cu, unaliona kutoka mgongoni, kwa hiyo maandishi yake lazima yaonekane yamegeuka. Hiyo ni dalili njema. Anayeyageuza yasomeke kwenye skrini anayafanya yasomeke kinyume kwenye shaba. Kuna kitufe cha Flip board view pale kwenye Layer Display Options. Kinageuza unavyotazama tu, kwa anayetaka kuisoma bodi kwa upande wa chini. Wanafunzi wakitumie kwa kutazama, wasikitegemee kwa kuchapa.

Sasa karatasi. Unapoilaza karatasi kifudifudi juu ya shaba, yenyewe inageuza mchoro mara moja. B.Cu tayari imegeuka, ikigeuzwa na karatasi inakaa sawa: ichape bila kuigeuza. F.Cu haijageuka, kwa hiyo ni lazima igeuzwe kwenye dirisha la kuchapa, tiki ya Print mirrored. Bodi ya upande mmoja yenye vijenzi vya miguu, ambayo ndiyo wanayoifanya wanafunzi wengi, shaba yake iko chini: B.Cu, pasipo tiki.

Kipimo ambacho hakidanganyi ni maandishi. Kila mwanafunzi aandike neno CHINI kwenye tabaka la B.Cu lenyewe, pembeni, mahali pasipo njia. Likichapwa, karatasini litasomeka kinyume. Hapo ndipo aende kwenye pasi. Likisomeka sawa karatasini, karatasi hiyo iende jaani, si kwenye shaba. Kwa wanaotengeneza pande mbili, F.Cu nayo iandikwe JUU, na sheria ni ileile: karatasini lisomeke kinyume.

Kwenye dirisha la kuchapa wachague matabaka mawili, B.Cu na Edge.Cuts, rangi nyeusi tupu, kipimo cha 1:1, na alama za matundu ziwe Small. Alama hiyo ndogo huacha kitone bila shaba katikati ya pedi, na keekee ya 0.8 au 1 mm hukaa palepale bila kuteleza. Halafu watazame mipangilio ya printa yenyewe, maana printa nyingi hupunguza ukurasa ili utoshee. Wapime kwa rula: kiunganishi cha pini 10, kitovu cha ya kwanza hadi kitovu cha ya mwisho, ni 22.86 mm, karibu 23. Ikiwa 22, IC yenye miguu 28 haitaingia hata kwa kubembelezwa. Printa za wino wa maji hazifai kwa kazi hii. Ni unga wa leza unaoyeyuka na kushika.

Zile bodi tatu zilizogeuka, msizitupe. IC ya miguu ikipachikwa kwa upande wa shaba badala ya upande wa pili, pini ya kwanza inarudi mahali pake. Inakuwa na sura mbaya na kuilehemu kunataka mkono mwepesi, lakini inafanya kazi.

Kwa ufupi

*Matundu yote yamehama kidogo kuelekea kulia nikiangalia Gerber. — Kizingo, Lamu*

Gerber na faili la matundu yametumia vitovu viwili tofauti. Kwenye Plot kuna tiki ya Use drill/place file origin. Kwenye dirisha la matundu kuna Drill origin. Yote mawili yawe Absolute, au yote mawili yawe kitovu ulichoweka mwenyewe. Matundu yakitawanyika ovyo au yakawa mbali mara kumi, si kitovu tena: ni namna sifuri zinavyoandikwa. Chagua Decimal format.

*Naona njia lakini haibofyeki. — Gede*

Tazama kona ya chini kulia, Selection Filter. Tiki ya Tracks imeondoka, au njia imefungwa kwa kufuli na tiki ya Locked items haipo.

*Njia na pedi zimekuwa na kingo tu, ndani wazi. — Watamu*

Hali ya muhtasari. Upau wa kushoto una vitufe vitatu, vya pedi, vya via na vya njia. Bofya kilichobonyea.

*Bodi ya matabaka manne: pedi za tundu hazina duara la shaba kwenye In1.Cu, tabaka la ndani. Tundu lipo. — Malindi*

Fungua sifa za pedi utazame Copper layers. Ikisema Connected layers only, KiCad imeondoa duara kwenye matabaka ambayo pedi haiunganishwi nayo, na hilo ni kusudi, si kosa: linaacha nafasi ya njia nyingine kupita. Ukitaka maduara kila mahali, chagua All copper layers. Na usipunguze idadi ya matabaka kwenye Board Setup kwa kujaribu tu. Vilivyo kwenye matabaka yaliyoondolewa hufutika, na onyo lake watu hulipita kwa Enter.

*Bado natumia EAGLE, programu nyingine ya kuchorea bodi. Njia zimepotea. — Mokowe*

Andika DISPLAY ALL kwenye mstari wa amri. Ukitaka kuchagua, 1 ni juu, 16 ni chini, 17 pedi, 18 via, 20 mpaka wa bodi. Shaba ya kujaza ikionekana mistari tu, andika RATSNEST, nayo itajaa. Autodesk ilitangaza kuwa mwisho wa EAGLE ni tarehe 7 Juni 2026, kwa hiyo anza kuhamisha miradi: KiCad hufungua mradi wa EAGLE kwa File, Import Non-KiCad Project, mradi ukiwa umehifadhiwa na EAGLE toleo la 6 au la baadaye. Baada ya kuhamisha, pitia dirisha la kulinganisha matabaka bila haraka. Tabaka usilolipa mwenzake haliingii.

*Nataka jina la chombo liandikwe kwa herufi za Kiarabu kwenye maandishi meupe ya bodi. Nikiandika, herufi zinakuja zimekatika au hazionekani. — Mkomani, Lamu*

Njia isiyokuletea maneno ni picha. Mpe mwenye khati nzuri aandike kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, ipige picha au iskani, uisafishe ibaki nyeusi na nyeupe tupu, uihifadhi kama PNG. Fungua Image Converter kwenye dirisha la mradi, weka ukubwa kwa milimita, chagua tabaka la silkscreen la mbele, uihifadhi kama futiprinti (umbo la kijenzi kwenye bodi) kwenye maktaba yako, kisha uiweke kwenye bodi kama kijenzi kingine. Ikitokea kisanduku cheupe chenye herufi tupu ndani yake, tia tiki ya Negative na ubadilishe tena. Mstari mwembamba kuliko wote usiwe chini ya 0.15 mm, na nukta za herufi ziwe kubwa kuliko unavyodhani zinahitajika: nukta za 0.2 mm kiwandani humezwa na rangi, na ba, ta na tha zitasomeka sawa. Jina la urefu wa 15 mm hutoka vizuri. La 8 mm ni la kubahatisha. Mwishowe lisogeze mbali na pedi, kwa maana kiwanda hukata maandishi yoyote yanayoziangukia, na ukiacha tiki ya Subtract soldermask from silkscreen kwenye Plot utaona mapema ni mkia wa herufi gani utakaokatwa.